Andika Sabini na Nne

Dada yangu alivunjika nyonga kwa sababu ya kiburi, na nikisema hivyo namsifu. Jora la kitambaa cha bluu lilikuwa kwenye rafu ya juu kabisa, naye alilitaka saa hiyohiyo. Nikamwambia ngoja nikushushie. Akanitazama toka kichwani hadi miguuni, akasema, "Wewe mtoto utaanguka." Mtoto mwenyewe nina miaka sabini na mmoja. Akapanda juu ya stuli, akalivuta jora, na jora, stuli na Dada vikashuka pamoja. Pale chini alikuwa bado amelikumbatia, na neno lake la kwanza likawa kwamba kitambaa hakikuchafuka.

Mtaani wanamwita Mkasi. Mimi wananiita Bobini, kwa kuwa ni mfupi, mnene kidogo na situlii. Tunashona sare za shule tangu usichana wetu, yeye anakata, mimi nashona. Mshonaji hukaa. Mkataji husimama kutwa nzima, ameinamia meza ndefu, chaki nyuma ya sikio, na akikosea kidogo tu, jora zima limeharibika. Watoto wa mtaa huu, na wazazi wao kabla yao, wameingia darasani na nguo zilizopita chini ya mkono wake. Kwa hiyo nilipomwona sakafuni, mguu mmoja umegeuka upande na kuwa mfupi kuliko mwenzake, sikungoja daktari anifafanulie. Mkataji asiyeweza kusimama amekwisha kazi. Na Dada bila kazi, mimi sijui angekuwa nani.

Jambo la pili nililolijua lilihusu hospitali yenyewe. Nyonga ikivunjika inahitaji kuwekewa chuma, na vyuma havitoshi. Wakubwa wa hospitali wakakaa, wakaweka kanuni: walio chini ya miaka sabini watangulie, waliovuka sabini wangoje kitakachobaki. Hakijawahi kubaki. Jirani yetu muuza mkaa, mama wa watu mwenye nguvu zake, alivunjika vilevile mwaka juzi. Walimpa vidonge vya maumivu na ushauri wa kupumzika. Akapumzika kweli. Hakuinuka tena kitandani, na mvua zilipoanza tukamzika.

Njia nzima kwenye gari nilikuwa namfikiria muuza mkaa. Tulipofika mapokezi nilikuwa nimeshaamua.

"Mgonjwa ana miaka mingapi?" karani akauliza bila kuinua kichwa.

"Sitini na nane," nikasema.

Dada alikuwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu, macho ameyafumba kwa maumivu. Akafumbua jicho moja.

"Kitambulisho?"

"Kimebaki nyumbani, mwanangu. Tumetoka mbiombio."

Hilo lilikuwa kweli, nikamshukuru Mungu kwa mbio zangu.

"Na wewe ni nani wake?"

"Dada yake."

"Mkubwa au mdogo?"

Hapo sikujiandaa. Uso wangu si wa kudanganya mtu, kila mkunjo uko mahali pake. Nikisema mimi ni mdogo wa mtu wa miaka sitini na minane, hata karani asiyeinua kichwa angekiinua.

"Mkubwa," nikasema. Sifichi, neno lilikuwa tamu. Nilikuwa nimelingoja tangu kuzaliwa.

Walipokuwa wanamsukuma kuelekea wodini, Dada akanong'ona, "Hongera. Umepanda cheo lini?"

"Nyamaza, mdogo wangu," nikamjibu. "Unaumwa."

Ili mnielewe, lazima niwaambie tulivyolelewa. Kwa baba yetu, aliyekutangulia kuzaliwa hata kwa mwaka mmoja unamwamkia, na ukimsahau hupati chai. Kila asubuhi ya maisha yangu nimempigia Dada goti. Siku hizi goti halipigiki, nainamisha kichwa tu. Nasema shikamoo, yeye anaitika marahaba, na palepale anaongeza la kunikosoa. Marahaba, kilemba chako kimepinda. Marahaba, chai yako ya jana ilikuwa maji ya kusuuzia vikombe. Siku akiitika bila kunikosoa, najua ana homa.

Basi usiku ule kabla sijaondoka nilimwinamia sikioni nikamfundisha. Usiniite mdogo wangu. Usinitumetume. Ukiweza niamkie wewe. Alinitazama mpaka nikaona haya, lakini hakusema kitu, nami nikachukua ule ukimya kuwa amekubali. Miaka yote hiyo na bado simjui.

Asubuhi nikarudi na chupa ya chai. Wodi ya wanawake ilikuwa imejaa, vitanda vimebanana hadi mlangoni. Kitanda cha jirani alilala binti aliyegongwa na pikipiki, paja limevunjika, na mwanawe mchanga ananyonya kifuani. Daktari wa mifupa alikuwa amesimama kando ya Dada, kijana mrefu mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi. Amepindua karatasi, kalamu mkononi. Nikapita katikati ya vitanda, nikaweka chupa chini, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba, mdogo wangu," Dada akaitika. "Chupa hiyo hujaifunga vizuri, inavuja."

Kalamu ya daktari ikasimama. Mimi nikabaki nimeinama vilevile, maana nikiinuka ningekutana na macho yake. Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata kitandani.

"Bibi," daktari akaniambia polepole, "jana mapokezi mlisema wewe ndiye mkubwa. Ninavyojua mimi, mkubwa ndiye anayeamkiwa. Au siku hizi imebadilika?"

"Tunataniana tu, daktari," nikasema. "Tulizoea tangu utotoni."

"Mimi sitanii kwenye salamu," Dada akasema.

Nilimkanyaga kwa macho, maana kwa miguu nisingemfikia. Hakujali.

Daktari akatazama huku na huku, akashusha sauti. Alikuwa mtoto mwema yule, nasema mpaka leo. "Sikilizeni mama zangu. Mimi asubuhi hii sijasikia salamu yoyote. Hapa pameandikwa sitini na nane, na mimi nafuata kilichoandikwa."

"Umesikia, mwanangu," Dada akamwambia. "Masikio yako mazima. Futa hiyo. Andika sabini na nne. Na andika vizuri isomeke, nimeitolea jasho."

"Mama, unajua maana yake?"

"Najua. Andika."

Akaandika. Nikaona mkono wake unavyokwenda, nikahisi kama namwona muuza mkaa anabebwa tena. Daktari akasema basi hana la kufanya, suala litakwenda kwa mganga mkuu, naye angepita mchana. Akatusihi tusitumaini sana. Mganga mkuu ndiye aliyeiandika kanuni. Alishastaafu, akasema, ila wakamwomba arudi kwa kuwa hawakupata mwenye uzoefu kama wake.

Daktari alipoondoka nilimgeukia Dada, na nawaambia, nilikuwa na hasira ambayo sijapata kuwa nayo kwa binadamu. Machozi yalinitoka kabla ya maneno.

"Kwa salamu!" nikasema. "Utakufa kwa sababu ya salamu!"

"Ulianza wewe."

"Niliteleza! Wewe umefanya kusudi. Miaka sita tu, Dada. Ningekupunguzia miaka sita, ungesimama tena. Miaka sita ina thamani gani?"

Akaninyooshea mkono, nikaushika, japo sikutaka.

"Haya, ichague wewe," akasema. "Chagua sita ya kufuta. Utaanza na ule mwaka mama alipofariki, nikaacha shule nikupikie? Au ule uliougua kifua, nikakubeba mgongoni mpaka zahanati? Labda ule tuliolala na njaa mpaka cherehani ya kwanza ikawa yetu. Utafuta ule?"

Nikapangusa machozi kwa kiganja.

"Sema tu, nami nitamwita yule kijana arudi."

"Kunywa chai yako," nikamwambia.

"Nusu imemwagika," akasema, akanywa.

Mchana mganga mkuu akaja. Mtu mzima, nywele nyeupe zimekatwa vizuri, koti limepigwa pasi mpaka likawa na makali. Daktari wa mifupa akamfuata nyuma. Mkuu akasimama miguuni pa kitanda, akasema, "Hujambo, mama?"

"Sijambo," Dada akasema, na mimi peke yangu ndiye niliyejua jinsi neno hilo lilivyomchoma. Aliona kwamba hakuamkiwa.

Mganga mkuu hakuwa mtu mbaya, siwezi kumsingizia. Alivuta kiti akakaa, na madaktari wangapi hukaa? Akaeleza kila kitu taratibu. Chumba cha upasuaji ni kimoja. Vyuma huletwa vichache, vinakwisha kabla wagonjwa hawajaisha. Alimwonyesha yule binti wa kitanda cha pili. "Huyu ana mtoto anyonyaye. Nikiwa na chuma kimoja, nikupe wewe au yeye?"

"Yeye," Dada akasema, wala hakufikiri. "Hilo nalo la kuuliza?"

"Basi tumeelewana."

"Bado. Yeye kanitangulia kuja, na ana mtoto. Mpe. Sijasema nipe chuma chake. Nauliza kwa nini mimi simo kabisa kwenye foleni."

"Kwa ajili ya umri, mama. Nitakwambia kweli, maana naona wewe ni mtu wa kweli. Wazee wengi moyo hauhimili dawa ya usingizi. Na wengine wanaamka mwili, akili haiamki. Nimewaona. Mtu ameingia chumba cha upasuaji anajua wajukuu zake wote, ametoka hajui hata jina lake. Ukiona hivyo mara nyingi unachoka."

Hilo sikuwahi kulifikiria. Dada naye akaangalia dari, na nilidhani hapo ndipo mwisho.

"Baba," akasema hatimaye, "wewe una miaka mingapi?"

Daktari kijana akakohoa. Mganga mkuu akatabasamu kidogo. "Sitini na nane."

Umri uleule niliompa Dada mapokezi. Nikaona midomo ya Dada inacheza, nikajua naye ameliona hilo.

"Hongera. Wamesema ulistaafu wakakuomba urudi."

"Ni kweli."

"Walikuomba kwa sababu una miaka mingi. Mimi mnanirudisha nyumbani kwa sababu hiyohiyo." Akapumua, maana kila neno lilikuwa likimuuma. "Bado miaka miwili, baba, na wewe kanuni yako itakufikia. Siku hiyo utaamka umekuwa mjinga?"

Wodi nzima ilikuwa imegeuza vichwa. Hata yule mtoto mchanga aliacha kunyonya.

"Mimi ni mkata nguo," Dada akaendelea. "Kitambaa kisipotosha nakijua, nimeishi nacho. Darasa zima linataka sare na jora limebaki moja. Tunafanyaje? Tunapima mtu mmoja mmoja. Hatusemi waliozaliwa mwaka fulani waende shule uchi. Nipime. Pima moyo, pima damu, uliza akili. Mkinikuta sifai, huyu mdogo wangu atanirudisha nyumbani na sitasema neno. Lakini mseme nyonga yako haifai au moyo wako haufai. Msiniambie miaka yangu haifai, maana hicho ndicho kitu pekee nilichonacho ambacho hakijawahi kuharibika."

Nilitaka kupiga makofi. Sikupiga, nilikuwa nalia tena, safari hii kwa sababu nyingine. Nilijivuna mpaka kifua kikauma. Jana niliona aibu ya miaka yake nikaificha kama mzigo wa magendo, na yeye akaitoa akaiweka mezani mbele ya wote.

Mganga mkuu aliweka viganja juu ya magoti. "Nikimpima kila mzee, nani atafanya kazi hiyo?" akauliza, na nadhani alikuwa anajiuliza mwenyewe.

"Mimi," yule daktari wa mifupa akasema.

Mzee akageuka akamtazama. Akainuka, akanyoosha koti lake. "Mpime," akasema. "Akifaa, ataingia kwenye foleni nyuma ya waliotangulia. Hakuna upendeleo."

"Sijauomba," Dada akasema.

Walimpima kila kitu. Moyo ulikutwa unapiga vizuri, damu haina tatizo, picha ya kifua safi. Daktari akamwuliza maswali ya akili, uko wapi, leo ni siku gani, toa saba kwenye mia. Dada akatoa saba, akatoa tena saba, akaendelea mpaka kijana akamwomba aache. Binti wa kitanda cha pili akafanyiwa upasuaji wake, akatoka salama. Vyuma vipya vilipoletwa, zamu ya Dada ikafika. Kabla hawajamchukua aliniambia nisisahau kufungua karakana, kuna oda ya shule ya jirani.

Sasa nitawaambia kuhusu kungoja, kwa ufupi, kwa sababu jambo hilo silipendi. Nilikaa kwenye benchi la ukumbini nimeshika chupa ya chai tupu. Sikuwaza kuhusu moyo wake, moyo wa Dada nilikuwa naujua. Niliwaza yale maneno, mwili unaamka, akili haiamki. Nilijiuliza nitafanya nini nikirudishiwa mtu mwenye sura ya Dada ambaye hanijui. Afadhali ningemwacha na nyonga yake. Ndiyo, niliwaza hivyo.

Walimrudisha wodini alasiri. Mguu ulikuwa umenyooka na macho yako wazi, yanaangalia dari, hayaangalii kitu. Mganga mkuu mwenyewe alikuja. Hakukaa mbali safari hii, alimsogelea kichwani, akainama.

"Shikamoo, mama," akasema.

Kimya.

"Mama, unanisikia? Unajua uko wapi?"

Kimya. Daktari wa mifupa akamgusa bega, akamwita. Akamwuliza siku. Akamwuliza umri. Midomo ya Dada ilikuwa mikavu, haikutikisika. Wakatazamana wale wawili, na usoni mwa mganga mkuu sikuona ushindi wowote, nawaapia. Niliona huzuni ya mtu aliyekwisha kuona jambo hili mara nyingi.

Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda, sijasema kitu. Nilikuwa naogopa. Nisipomwamkia, nilijiambia, bado kuna uwezekano ataitika. Nikimwamkia akanyamaza, basi. Lakini mtu hawezi kusimama miguuni pa kitanda milele. Nikasogea, nikainamisha kichwa, na nikajilazimisha kupiga goti kama zamani, magoti yakalia yote mawili.

"Shikamoo, Dada."

Hakuitika mara moja. Nilisikia mtu anavuta pumzi nyuma yangu.

"Marahaba," Dada akasema. Sauti ilikuwa imekwaruza, lakini yake. "Gauni umelivaa ndani nje."

Nikajitazama. Mshono wote ulikuwa nje, nimetembea hivyo tangu asubuhi. Nilicheka, nikalia, nikashindwa kuinuka kutoka kwenye goti langu, ikabidi daktari kijana anivute.

Dada akageuza kichwa polepole kumwelekea mganga mkuu.

"Na wewe baba, marahaba. Nilikusikia."

"Mbona hukuitika, mama?" akauliza. "Umetutisha."

"Huyu ana sabini na moja. Wewe una sitini na nane." Akalamba midomo yake mikavu. "Kwangu mimi foleni inaanza na wakubwa."

Nimekuwa mdogo wake maisha yangu yote, na hiyo ndiyo mara ya kwanza aliponiita mkubwa mbele za watu. Sijui kama yeye aliliona hilo. Mimi sikulisahau.

Shule zilipofunguliwa alikuwa mezani kwake, amesimama, mkongojo umeegemezwa ukutani karibu na mkono. Kanuni ya hospitali haijafutwa, lakini siku hizi aliyevuka sabini hupimwa kwanza kabla ya kuambiwa akapumzike, na mtaani wapo wazee wawili wanaotembea kwa sababu hiyo. Majora ya rafu ya juu nashusha mimi. Tulibishana sana, akakubali kwa sharti moja, kwamba nikipanda yeye ndiye atakayenishikia stuli.